Ikupa Alisema Akiisahau Pumzi Itasimama

Mama Hellen, jirani yetu hapa Nkunga, mpaka leo anaapa kwamba mdogo wangu alikufa bombani.

Alikufa kabisa. Saa tatu asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya maji.

"Nilimwona kwa macho yangu haya mawili," anasema, na hapo lazima ayaguse. "Mtoto kaweka ndoo, kashika kifua, kaenda chini puu! Nikamwekea mkono puani, hamna kitu. Nikamfunika kanga, nikaanza kulia. Mara kafumbua macho ananiuliza, 'Mama Hellen, ndoo yangu iko wapi?'"

Kila akisimulia, muda wa kufa unaongezeka. Mwanzo zilikuwa dakika mbili. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, zilifika kumi na tano.

Mimi nilikuwepo. Ikupa hakufa, alizimia tu akaamka.

Lakini kabla hajaanguka alinishika mkono akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Dada, nimeisahau. Nimeisahau pumzi."

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Prisca. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Nachuma chai. Mwaka niliofaulu kwenda sekondari ndio baba alifariki, mama akabaki peke yake na shamba, na Ikupa alikuwa bado mdogo. Mikono ilihitajika. Nikabaki.

Ikupa sasa ana miaka kumi na sita. Alikuwa kidato cha pili. Kichwa kweli kweli, yule wa kushika namba moja au mbili, akikosa sana ya tatu, na siku hiyo hali.

Mwaka jana mwezi wa sita akaanza kushika kifua.

Mwanzo nilidhani mafua. Tuko tunakula, anaacha tonge hewani, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka kuzama. Anavuta tena. Anapiga miayo ambayo haina usingizi.

"We vipi?"

"Haifiki mwisho, dada."

"Nini haifiki?"

"Pumzi. Inaishia hapa." Ananionyesha katikati ya kifua. "Na lazima niivute mwenyewe. Nikiisahau itasimama."

Nikacheka. Nani anaisahau pumzi? Mbuzi wenyewe wanapumua na hawajasoma.

Lakini siku zilivyokwenda nikaona si mchezo. Mimi ni mtu wa kuangalia, siongei sana, naangalia. Nikamwona anakula vipande vidogo vidogo ili kumeza kusimkatishe. Nikamwona haongei sentensi ndefu. Nikamwona akitoka shule hapiti nyumbani, anakwenda kukaa nje ya mashine ya kusaga, kwenye vumbi la pumba, hana hata debe la mahindi.

"Unafanya nini hapa?"

"Kuna kelele. Siisikii."

Darasani ndiko kulikuwa kubaya. Mwalimu akisema "kimya, anzeni mtihani", wenzake wanasikia kimya, yeye anasikia pumzi yake. Vidole vinakufa ganzi. Anatoka mbio na karatasi tupu.

Na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Ukifeli, unarudia mwaka. Na Ikupa alishasema: akirudia, anaacha shule.

Baada ya kuanguka bombani tukampeleka Makandana hospitalini. Dokta alikuwa binti tu, mpole. Akapima kifua, akapima damu, akamtazama Ikupa usoni.

"Mapafu yako mazima, mdogo wangu. Moyo mzima. Hiyo ni hofu."

"Hofu ndiyo inanikaba?"

"Inaweza. Tangu uzaliwe umepumua bila msimamizi. Hata sasa ukigoma, mwili utakukatalia."

Akamfundisha kupuliza taratibu kama anapooza uji, na kutaja vitu vitano anavyoviona. Akasema turudi kila wiki, tuongee. Halafu akauliza, "Ilianza lini? Kuna mtu alikwambia kitu, au uliona kitu?"

Ikupa akaniangalia.

Mimi nikaangalia ukuta. Kulikuwa na bango la malaria.

"Sikumbuki," Ikupa akasema.

Tulirudi mara mbili. Ya tatu baba mdogo Hosea akatukalisha chini.

"Mnampeleka kwa dokta, dokta anasema mzima. Sasa mtoto mzima anaanguka? Gwe, Prisca, hujui mambo ya kwetu?"

Najua. Wazee wetu wanasema ukikosea, majirani wakinung'unika, manung'uniko yao hayaishii hewani. Yanakujia kama baridi, yanakuingia. *Imbepo sya bandu*, pumzi ya watu. Na kosa letu lilijulikana kijiji kizima: msiba wa baba tulilisha watu ndizi na maharage. Ng'ombe hatukuchinja.

"Mtu mzima anazikwa kwa maharage!" baba mdogo akasema. "Nani alinung'unika zaidi?"

Wote tukajua. Bibi Anyosisye, wa nyumba ya chini, kwenye miparachichi.

Jumamosi mchana watu wakaja uani kwetu. Mzee wa kanisa naye alikuja, ila muda wote alikuwa anaangalia viatu vyake kama vimetoka kununuliwa. Kikawekwa kikombe cha maji. Kila mtu anasema kilichopo moyoni, anapiga funda, anayapuliza chini, basi yameisha.

Mama Hellen akasema alikasirika tulipochelewa kurudisha sufuria. Akapuliza. Baba mdogo akasema alikasirika hakuulizwa kuhusu shamba. Akapuliza.

Bibi Anyosisye akasimama na fimbo yake.

"Ni kweli nilisema. Baba yenu alinijengea jiko, halafu mkamzika kama mpita njia. Niliumia fijo, sana kabisa. Lakini mtoto huyu, mimi nimkabe? Nimembeba huyu." Akapiga funda, akapuliza, maji mengine yakamwagikia kanga yake. "Nimeliacha. Ndaga, asanteni."

Kikombe kikaja kwangu.

"Mimi sina kitu," nikasema.

Nikapiga funda. Nikapuliza.

Siku tatu Ikupa alilala kama mtoto mchanga. Akala wali sahani nzima. Akaimba. Mama alilia kwa furaha akiwa anamenya ndizi.

Siku ya nne akarudi kutoka shule ameshika kifua.

"Labda kuna mtu alipuliza maji tu, dada. Neno akabaki nalo."

Hilo neno Mama Hellen alilidaka akipita uani kwetu, na mpaka jioni kijiji kilikuwa nalo. Kila mtu akajua ni nani. Watoto wakaacha kwenda kwa Bibi Anyosisye kuokota maparachichi. Wanawake waliokuwa wanampitishia kuni wakahamia njia ya juu. Nilimwona mwenyewe akikata matawi makavu kwa panga butu, anapumzika kila pigo.

Aliponiona akaniamkia yeye, mkubwa mzima. "Ugonile, mjukuu. Mwenzio anaendeleaje?"

"Hajambo, bibi."

"Namwombea."

Aisee, nilitamani ardhi inimeze.

Nilisema huko juu kwamba Ikupa alianza kushika kifua mwezi wa sita, kama vile ilitoka mbinguni. Hapo sikuwaambia yote.

Asubuhi moja mwezi huo nilikuwa nakoroga uji. Ikupa anajisomea mezani, kitabu cha baiolojia. Nikashika daftari lake ili kuangalia tu picha ya mapafu aliyoichora, ilikuwa nzuri. Mikono ya mtu wa chai mnaijua, ule weusi hautoki hata kwa jivu.

"Dada! Unanichafulia!" Akalivuta. "Na kwanza haya mambo hata nikikueleza hutaelewa."

Hakusema kwa ubaya. Watoto wa shule wanaongea hivyo. Lakini neno lile liliniingia mahali ambapo nilikuwa nimefunika tangu mwaka ule niliofaulu.

Nikaendelea kukoroga. Halafu nikasema, polepole kabisa:

"Wewe soma tu mapafu ya kwenye kitabu. Unajua jana usingizini uliacha kupumua?"

"Wacha bwana."

"Haki. Nilihesabu mpaka ishirini na tano. Nikakutikisa ndo ukarudi."

Akacheka. Akanywa uji. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ishirini na tano kweli?"

"Kweli."

Ukweli ni kwamba usiku ule nililala fofofo. Nilikuwa nimechuma tangu alfajiri, hata radi isingeniamsha. Sikuhesabu chochote. Nilitaka tu na yeye siku moja aogope kitu ambacho mimi nakijua na yeye hakijui.

Basi. Dakika moja ya uji.

Nilifikiri jioni nitamwambia nilikuwa natania. Jioni alikuwa anacheka na wenzake, nikaona ameshasahau. Kesho yake nikaona bado. Wiki ya pili ndio ile miayo. Baadaye ikawa kubwa kuliko mdomo wangu: hospitali, ukoo, kikombe cha maji, bibi wa watu.

Mwezi wa kumi na moja Ikupa aliingia chumba cha mtihani siku ya kwanza, akakaa nusu saa, akatoka. Siku ya pili hakuvaa sare.

Wazee wetu hawakukosea sana. Pumzi ya mtu inaweza kumkaba mtu. Ila tuliitafuta nyumba ya chini kwa Bibi Anyosisye, kumbe ilikuwa inalala naye kitanda kimoja na kumpikia uji. Kama na wewe una neno ulilomwambia mtu kwa wivu ukaliita utani, lifuate leo. Likifikisha miezi, hutalikamata.

Najua kufundisha. Kutenda ndio sijui.

Sasa hivi tunachuma wote. Yeye mstari wake, mimi wangu, kikapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi. Anasema chai inamsaidia, wanawake wanapiga soga, hasikii kifua. Mikono yake imeanza kuwa kama yangu. Jana nilimwona anaisugua kwa jivu, na nilijua haitatoka.

Leo saa nne ukungu ulishuka, wanawake wakanyamaza wakisubiri mvua iamue. Kimya kile. Nikamwona ameacha kuchuma, mkono kifuani, anapuliza kama anapooza uji.

"Taja vitano," nikamwambia.

"Chai. Chai. Chai. Wewe." Akasita. "Dada, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ile asubuhi. Ulihesabu kweli, au ulinitania tu? Ukisema ulinitania nitakuamini, haki ya Mungu. Sitakasirika."

Nilikuwa na jani mkononi.

Nikisema nilitunga, atajua kwamba mwaka mzima niliangalia. Nilimwangalia bombani, hospitalini, uani. Na nilimwangalia bibi na panga lake butu.

Mvua ikaanza. Wanawake wakavuta mifuko ya nailoni kichwani. Yeye hakuvuta wa kwake. Alisimama vilevile, maji yanamtiririka usoni, anausubiri mdomo wangu.

"Dada, niambie basi."