Sinia Mbili za Naitreti

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakisoma fomula za kemia kama wanavyosoma Kurani chuoni kwa maalim: sauti moja, mwili unayumba, na maana Mungu ndiye ajuaye. "Eichi-tuu-oo!" Darasa zima linatikisika. Ukiwauliza hiyo mbili ni ya nani, wanairudia fomula. Loo! Nikirudi nyumbani Mwanakwerekwe kichwa kinanigonga.

Siku moja nikakifunga kitabu kwa hasira. "Harusini mnakula vipi?" Wakacheka. Nani asiyejua? Sinia moja, watu wanne. Nikaandika ubaoni Ca(NO₃)₂. "Basi mabano ndiyo sinia. Waliomo ndani wanakula pamoja: naitrojeni mmoja, oksijeni watatu. Mbili ya nje inasema sinia ziko mbili. Kalsiamu ndiye mwenye shughuli, kasimama peke yake mlangoni."

Wa kwanza kufahamu alikuwa msichana wa Kiwengwa, mama yake mkulima wa mwani, mwenyewe akikaa kwa shangazi yake Mpendae. Alikuwa akitaka kuwa mfamasia, na kila mtu skuli akijua, maana hakuwa na siri. "Kumbe ndiyo hivi tu, Mwalimu?" Akawa anawafundisha wenzake wakati wa mapumziko. Nilimpenda mtoto yule, sifichi.

Ikaja habari ya mkaguzi. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba atakayekwama mbele ya mgeni anatolewa sayansi, anapelekwa biashara. Akaniita pembeni: "Na siku hiyo Kiingereza kitupu, Bi Mwalimu. Usije ukatutia aibu."

Mkaguzi akaja na suti yake, joto lote lile. Akaandika fomula ile ile, akauliza oksijeni ziko ngapi. Kijana wa mbele akasimama, akamimina maana ya fomula kwa Kiingereza, neno kwa neno kama kilivyo kitabu, akamalizia kwa kusema tano. Akapigiwa makofi! Tano! Mimi nimekaa nyuma.

Msichana akanyoosha mkono. "Sita," akasema, kwa Kiingereza safi. Mkaguzi akamtaka aeleze amepataje, kwa Kiingereza vilevile. Akaanza kwa Kiingereza, akakwama. Akanitazama mimi, kisha akasema kwa Kiswahili, lugha aliyofahamia: "Sinia mbili, kila sinia oksijeni watatu."

"Sinia?" Mkaguzi akageuka kwangu. "Mwalimu, hii kemia au karamu?" Watu wazima wakacheka, na mwalimu mkuu akacheka zaidi yao. Katika ripoti tukasifiwa kwa wanafunzi kujiamini. Msichana akaandikwa kuwa amebahatisha. Nilikwenda kumtetea ofisini mara chungu nzima, nikajibiwa kwamba biashara nayo ni elimu. Jumatatu kiti chake kwenye kemia kilikuwa kitupu. Yule kijana wa jibu la tano bado nnaye, na bado anasema tano.

Juzi nilialikwa harusi Mpendae. Ukumbi wa wanawake umejaa, nimesimama natafuta pa kukaa, mara nasikia naitwa. Ni yule msichana wangu, kitambaa begani, anahudumia wageni. Mbele yake wamekaa wanawake watatu na biriani yao.

"Shikamoo, Mwalimu! Njoo huku, mabano haya yamepungua oksijeni mmoja."

Nikaitikia marahaba, nikakaa, sinia ikatimia wanne.