Mbawakawa wa Shamba la Nduma

Kwa wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya swali ambalo nikikuambia huenda ukacheka: je, ni mimi niliyewachoma mbawakawa wa mwisho wa nyanya yangu?

Nilikuwa nimerudi nyumbani, karibu na mji mdogo wa Gakindu, baada ya kumaliza chuo na kukosa kazi. Nilimkuta baba amepanga miche ya mikaratusi kando ya ukuta. Jumamosi tungeipanda bondeni, kwenye shamba la nduma la marehemu nyanya.

"Mti unauzwa," alisema. "Nduma nani anakula siku hizi?"

Sisi tulikula. Nyanya alizichemsha, tukazimenya zikiwa moto hadi vidole vikanata, tukazishushia kwa chai yenye harufu ya moshi. Nikiwa mtoto, kila Jumamosi niliteremka na nyanya bondeni. Yeye alipalilia miguu ikiwa matopeni, mimi nikasikiliza vyura, na ng'ambo mashine ya kiwanda cha kahawa ikinguruma. Pembeni mwa mtaro alilaza magogo ya migomba iliyokwisha kuzaa, yakaozea pale. Jirani yetu, ambaye shamba lake lilifagiwa kama sebule, hakukosa la kusema.

"Mama, hiki ni kitanda cha nani hakijatandikwa?"

"Cha walinzi wangu," nyanya alimjibu. "Wanalala mchana. Punguza sauti."

Walinzi ndio hao mbawakawa. Alipoinua gogo niliwaona: weusi, migongo ina mng'ao wa kijani kama mafuta juu ya maji, wakitimua mbio kwa miguu yao mirefu. Giza likiingia walitoka kula konokono na viwavi waliotafuna nduma zake. Niliruhusiwa kutazama hadi nihesabu kumi. Kisha alirudisha gogo polepole, upande wenye unyevu chini, wasije wakakauka.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Unajua mambo ya mazishi huku kwetu: wageni wanakuja, boma lazima ling'ae. Wengi wangevuka kijito kutoka barabarani, kwa hiyo kazi ya kusafisha bonde nikapewa mimi. Sikutaka nyanya aaibike siku yake ya mwisho. Niliyakokota magogo yote, nikayarundika na majani makavu, nikamwagia mafuta ya taa. Yalifuka moshi siku mbili. Jirani alinipa mkono. "Sasa pamekuwa mahali pa watu," akasema, nami nikafurahi.

Muhula uliofuata mhadhiri alitueleza kuhusu mbawakawa kama wale. Hawaruki. Wanaishi kwenye unyevu wa mabonde machache ya milima yetu, na bonde likikaushwa, likimwagiwa dawa au likipandwa mikaratusi inayofyonza maji, hawana pa kwenda. Niliweka kalamu chini.

Tangu nirudi nimegeuza kila jiwe kule bondeni, nisimwone hata mmoja. Labda nilitafuta vibaya. Labda ni kiangazi. Na kama wameisha, kumkatalia baba si ukaidi wa bure?

Ijumaa, tukinywa chai, nilimwambia.

"Tulikupeleka university ukuje kutuambia mambo ya dudu?" Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

"Ni walinzi wa shosho, baba," nilisema; ndivyo tulivyomwita nyanya.

Aliitazama miche kando ya ukuta. "Na hii miche niipeleke wapi?"

"Kule juu kwenye changarawe. Mashimo nitachimba mwenyewe."

Jumamosi nilichimba kutwa, viganja vikatoka malengelenge. Kisha nikakata migomba miwili iliyokwisha kuzaa, nikaiburuta hadi bondeni. Kijito kimekonda. Chura alilia mara moja akanyamaza, na ng'ambo hakuna tena mashine inayonguruma. Nililaza magogo pembeni mwa mtaro, pale pale alipokuwa akiyalaza nyanya, upande wenye unyevu chini. Sikujua kama kuna aliyebaki wa kuyahamia.

Nilitamani kuinua moja, nihesabu hadi kumi. Sikuinua. Nilinawa mikono, nikapanda kwenda nyumbani.