Grue ya Kwanza ya Papa

Papa, baba yangu, alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya mgodi wa dhahabu, akitengeneza grue, zile mashine za kuinua vitu vizito. Mgodi ulipofungwa, alirudi Bunia na sanduku la funguo za nati na daftari alimochora kila mashine aliyowahi kuifungua. Alikodi kiwanja mtaani Mbunya, akaezeka mabati upande mmoja, akaanza kuunda zake.

Mwanzoni alitengeneza treuil za mkono, ngoma za chuma za kuzungusha kamba, kwa wachimbaji waliopandisha mawe kutoka shimoni. Mafundi wake wawili walikuwa wakulima waliokimbia vita kutoka Bule. Kazi ya chuma walijifunzia kwake. Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi. Nilikamata kazi ya kuchomelea.

Siku moja mfanyabiashara wa mbao kutoka Marabo aliomba grue nzima ya kupakia magogo kwenye camion, lori lake. Papa hakuwa ametengeneza kubwa namna hiyo. Alitembea uwanjani siku tatu, anachora chini kwa kijiti, anafuta, anachora tena.

Maungio ya mkono wa ile grue niliyachomelea mimi. Umeme ulikatika mara mbili. Ulipowaka mara ya tatu nilisikia watu wanakimbia barabarani, akina mama wanaita watoto, mtu anapaza sauti kwamba washambuliaji wameingia mjini. Nilimaliza mbio mbio, nikakimbia na wengine. Ilikuwa uvumi tu. Tulirudi, nikapiga rangi juu, na sikumwambia Papa kitu. Nilikuwa naenda kwenye ile grue, naigusa, naondoka, narudi.

Siku ya majaribio mwenye mbao alikuja na dereva wake. Mafundi walifunga injini kuukuu ya camion kwenye ndoano, wakaipandisha. Papa alikuwa na desturi yake: alivua kofia, akatembea kwenda kusimama chini ya mzigo, ili mnunuzi aone kwamba anaamini kazi yake.

"Papa, toka! Toka pale chini!" nilipiga kelele.

Aligeuka. "Iko nini?"

"Ile sudire ya mukono wa grue, pale nilichomelea, sina hakika nayo. Niliifanya mbio, ile siku watu walikimbia."

Alitoka polepole, akawaambia mafundi washushe. Mwenye mbao alikasirika. "Siye tumetoka Marabo juu ya hii? Camion yangu iko inangoja!"

"Itangoja," Papa alijibu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Weye ulijua tangu siku ngapi?"

"Siku ine, Papa."

"Siku ine. Na kila siku tulikula pamoja."

Angenipiga kofi, ingekuwa afadhali.

Alikata yale maungio yeye mwenyewe. Upande mmoja ulikuwa mzima. Upande wa pili, chini ya rangi yangu nzuri, chuma kilikuwa na matundu kama mkate. Alimwita mwenye mbao, akamwambia aingize ncha ya kidole. Yule mtu aliingiza, akakitoa, akatazama mahali Papa alipokuwa amesimama. Hakusema tena habari za camion.

Nilichomelea upya kwa siku mbili, Papa ameketi karibu nami, anatazama. Safari hii injini ilining'inia kutoka asubuhi mpaka saa sita, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupita chini yake, hata Papa. Ndiyo imekuwa sheria ya karakana.

Sasa macho yake yamechoka, na karakana naiendesha mimi. Tumeuza grue nyingine, mpaka kwa wenye garage za mjini. Lakini kila vita vinapotulia na barabara kufunguka, napanda moto, ile pikipiki yangu, kwenda Marabo, napanda kwenye ule mkono wa grue ya kwanza na kugonga maungio kwa nyundo.

"Mama, si iko muzima?" mwenye mbao anacheka.

Namwambia ndiyo, iko muzima. Kisha nagonga tena, nasikiliza.