Aliyeguswa Unyayo

Msimu wa sikukuu wasusi hawana sikukuu. Kila mwenye kichwa anataka kisukwe kabla ya safari, na kila mmoja ana haraka kumshinda mwenzake. Ndiyo maana wateja wa saluni ile walishangaa kusikia kwamba msusi wao, mama mtu mzima ambaye watoto wake wameshajitegemea, huamka alfajiri kwenda kujitosa kwenye bwawa la manispaa. Walimwita Mama Saluni, na jina likamfuata hadi kwenye kikosi cha waogeleaji.

"Nywele za watu unazipendezesha, zako zinanuka dawa ya maji," dada yake mkubwa alimtania. Dada huyu ndiye aliyekuwa na kiti cha pili pale saluni, na ulimi wake haukuwahi kwenda likizo. "Na kwa umri huu."

"Umri huu ndio wenye mgongo unaouma, dada."

Mgongo uliuma kweli, lakini haikuwa sababu yote. Pale saluni alisimama kutwa nzima, huyu anamwita, yule anamhimiza, na jioni simu za watoto zilimsubiri. Ndani ya maji hakuna aliyemwita. Saa ile moja ilikuwa yake peke yake, na aliipenda kuliko alivyothubutu kumwambia mtu. Sasa alikuwa roho juu, maana aliona wazi kwamba atanyang'anywa.

Likizo ilipoanza, wanakikosi wengi walisafiri. Kocha, mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni na maneno machache mdomoni, aliwapanga waliobaki wawili wawili, kila jozi njia yake ya kuogelea. "Mwaka ukianza, shule zinachukua njia moja," alisema. "Kwa hiyo nitapunguza watu. Nitakaa hapa ukingoni niangalie nani wa kubaki." Mama Saluni, ambaye tangu ajiunge alikuwa akishika mkia bila mpinzani, alijihesabu wa kwanza kuondolewa.

Akapewa kuongoza njia ya ukutani, na nyuma yake akawekwa Babu Miwani. Huyu alikuwa karani mstaafu, mpole, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Kila asubuhi aliivua, akaifunga kwenye taulo kama mtu anayelaza mtoto, kisha akapapasa ngazi na kuteremka majini.

Kikosini kuna adabu moja ambayo kila mgeni hufundishwa siku ya kwanza. Aliye nyuma yako akikugusa unyayo, ujue unamchelewesha. Hugeuki, hugombi. Ukifika ukutani unajibanza pembeni, na yeye anapita.

Asubuhi ya kwanza tu, Babu Miwani alimgusa unyayo. Mama Saluni akafika ukutani, akajibanza. Ajabu ni kwamba mzee naye alisimama, akaushika ukuta, akatulia.

"Pita, baba," alimwambia.

"Hapana, binti yangu, tangulia tu. Unaenda vizuri."

Akatangulia. Hawajafika katikati, unyayo ukaguswa tena. Ikawa hivyo asubuhi nzima, na kesho yake, na kesho kutwa. Kuguswa anaguswa, akipisha hapitwi, na kila mara anasifiwa kwa upole uleule. Mwishowe akaona hiyo si adabu, ni kejeli. Mzee anataka Kocha aone kwa macho yake nani gogo la kuziba njia. Hasira ile akaenda nayo saluni, ikaishia kwenye vichwa vya watu.

"Mama, taratibu basi," alilalamika mteja mmoja. "Umenivuta hadi macho hayafumbiki."

Dada yake alicheka, kisha akaona kwamba mdogo wake hacheki, akamdodosa hadi akaambiwa kisa. "Mzee mwenye heshima zake anakutoa kwa kidole kimoja," alisema. "Ungejitoa mwenyewe, ingekuwa aibu ndogo."

Kesho yake Mama Saluni alijaribu kuongeza kasi. Alitapatapa, akanywa maji, akakwaruza bega kwenye kamba ya kugawa njia, na bado unyayo ukaguswa. Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa amekata shauri. Hataki kusubiri kufukuzwa.

Asubuhi ya mwisho ya mwaka alimkuta Babu Miwani kwenye benchi, anafuta miwani yake kwa ncha ya taulo. Akaketi kando yake, bado kavalia nguo za nyumbani.

"Baba, nimekuja kuaga. Nimekuchelewesha vya kutosha. Leo mwambie Kocha akupe njia peke yako."

Mzee aliacha kufuta. "Unaondoka? Na mimi nitamfuata nani?"

"Unifuate? Si unanigusa unyayo kila siku nikupishe?"

"Mimi nipite niende wapi?" Sauti ya mzee ilishuka. "Binti yangu, mimi sioni. Nilikuwa na miwani ya majini ya kupimwa, ikavunjika siku ile likizo inaanza. Fundi wake kafunga duka hadi mwaka mpya. Nikivua hii, hata ukuta siuoni mpaka unigonge. Nakugusa nijue uko wapi. Ukisimama, na mimi najua tumefika." Akainamisha kichwa. "Sikusema. Niliogopa Kocha ataniambia nikae nje."

Mama Saluni alimtazama mzee, akayatazama maji, halafu kicheko kikampanda kutoka chini kabisa hadi machozi yakamtoka. Siku zote zile alidhani anafukuzwa, kumbe ameshikwa ili mzee asipotee.

Kocha alikuwa amesimama nyuma yao na filimbi yake. "Niliona mnagusana bila kupitana, nikadhani mmekubaliana," alisema. "Mzee, ungeniambia. Leo unaingia kwa sababu mbele yako kuna mtu haendi mshazari. Siku akikosa, na wewe unakaa benchi mpaka miwani ipatikane."

Mama Saluni alijikaza akauliza lililomkaa rohoni. "Na mimi, Kocha? Mwakani?"

"Napunguza wanaokuja wakijisikia. Wewe umekosa siku gani?"

Hakuwa amekosa hata moja. Alishusha pumzi ndefu, na mabega yakashuka nayo. Alifurahi waziwazi, wala hakujali nani anamwona. Akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo, hata kofia ya mpira akaivaa upande.

Alijitosa wa kwanza. Nyuma yake alisikia mzee akiteremka ngazi polepole, kisha maji yakaziba masikio. Akanyoosha mkono, akavuta, akanyoosha mwingine, kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Hawajafika katikati, kidole kikamgusa unyayo. Mama Saluni hakugeuka, wala hakuongeza kasi. Alipiga mguu majini kwa nguvu kidogo, mzee ausikie, akaendelea mbele.