Mfarishi Usio Wetu

Nilimwahidi Bi Loretta, jirani yetu Mmarekani Mweusi hapa Coon Rapids, karibu na Minneapolis, kwamba nikiupeleka mfarishi wake wa viraka kwenye maonyesho ya urithi shuleni nitasema ni wa nani. Chumba chake kilinukia pamba na mvuke wa pasi, na majira yale ya baridi, nikiwa na miaka kumi, nilishinda kwake kila alasiri mpaka Mama arudi kutoka zamu ya hospitali. Alinieleza kwamba nyanya wa mama yake alitoroka utumwani akiifuata Nyota ya Kaskazini. Hilo lilijulikana kwao kwa hakika. Kuhusu viraka vya mifarishi vinavyosemekana kuwaonyesha watoro njia, alikuwa mwangalifu: mambo hayo aliyasikia kwa shangazi zake, lakini wasomi wengi hawajaona ushahidi. "Yaseme yote mawili," aliniagiza. "Usiwapambe watu wangu."

Mama aliupapasa mfarishi ule akacheka, kumbe na wenzetu wana leso zao. Sisi ni watu wa Malindi, na kwetu leso, yaani kanga, husema kwa maandishi yake; Mama alipokosana na wifi yake hakufungua kinywa, alijifunga leso yenye maneno ya kumjibu akapita sebuleni mara mbili. Labda kwa kuwa niliuona kama leso yetu, mwalimu aliponiuliza mbele ya wazazi kama kitambaa kile kilitoka kwa wazee wangu, uongo ulinitoka bila kukwama. Nilisema nyanya wa mama yangu aliushona mfarishi ule, akatoroka nao akiitazama nyota. Watu walipiga makofi. Nilipoinua macho nilimwona Bi Loretta safu ya nyuma, kando ya Mama, koti bado mwilini.

Tulimrudisha nyumbani kwa gari letu. Hakunikemea. Aliukunja mfarishi mapajani, kisha akaniuliza kwa utulivu, "Na wazee wako hasa, mwanangu, walikuwa upande gani?"

Sikujua. Mama, aliyezungumza Kiingereza kutwa nzima kazini, alijibu kwa Kiswahili, macho yakiwa barabarani. "Baba yake babu yangu alikuwa na mashamba. Waliolima aliwanunua. Mfasirie."

Nilimgeukia Bi Loretta nikamwambia, "Anasema alikuwa mkulima."

Mama alisikia, akaendelea kuendesha. Bi Loretta aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema kilimo ni kazi ngumu.

Alifariki nikiwa chuoni, kabla sijamrekebishia sentensi ile. Leo nina shahada ya historia. Nimeandamana na mabango katika barabara za Minneapolis, nimewahutubia wengine kuhusu haki bila kusita. Mtoto yule wa miaka kumi angalau alijua anadanganya. Mimi nilikaa miaka mingi nikidai wengine wakiri makosa ya wazee wao, huku nikiujua msikiti aliojenga baba yake babu ya Mama bila kujua jina hata moja la waliomlimia. Mwaka huu nilimpigia simu shangazi yake Mama huko Malindi. Alikumbuka jina moja tu, Faida, nalo alipewa na aliyemnunua.

Ikiwa nanyi mna mashamba ya urithi, tafadhali mwulizeni mzee wenu ni akina nani walioyalima, na myaandike majina yao.