Vibao Viwili vya Mfuniko wa Pipa

Enzi za Mwingereza nilikuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba yangu, Njombe. Watu waliniletea majembe na mashoka niyatie alama za wenyewe. Kazi hiyo niliijua vizuri. Rangi hubanduka, mkwaruzo wa msumari huliwa na kutu, lakini herufi iliyogongwa kwa tindo na nyundo hukaa hadi chuma chenyewe kiishe.

Surua ilipoingia mtaani ilimchukua binti yangu, na wiki hiyohiyo mtoto wa kiume wa jirani. Tuliwazika ubavu kwa ubavu. Nikakata vibao viwili kwenye mfuniko wa pipa la chuma. Lakini kwetu nyundo haigongwi kwenye nyumba yenye msiba, basi nikayaandika majina kwa rangi nyeupe.

"Itadumu hiyo?" jirani aliniuliza.

"Matanga yakiisha nitayagonga."

Matanga yalipoisha, wenye malori wa Makambako waliniita nikatie alama jeki na spana zao, maana zilikuwa zinaibwa njiani. Nilikwenda upesi. Nyumba yangu ilikuwa imenishinda kwa ukimya wake. Nilikaa kule msimu mzima wa mvua, nikigonga majina ya watu nisiowajua.

Niliporudi, tulikwenda makaburini kufyeka, mimi na mke wangu, jirani na mkewe. Majani yalikuwa yamefunika kila kitu. Tulipoyaondoa, matuta yalikuwa yamesawazika, na vibao vyote viwili vimekuwa vyekundu kwa kutu. Hapakuwa na herufi hata moja.

"Wetu ni huyu wa kushoto," nilisema.

"Hapana, shemeji," mke wa jirani alisema. "Wa kushoto ni mwanangu."

Jirani aliinama akatazama kibao kimoja, kisha kingine. Naye hakuwa na hakika.

Tangu binti yetu azaliwe, mke wangu alikuwa akiniita kwa jina la mtoto, baba wa fulani. Siku ile alikishika kibao, akanisogezea usoni.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Soma."

Hakuniita tena kwa jina la mtoto.

Hadi alipofariki alipalilia makaburi yote mawili, kwa jembe nililomgongea herufi zake tulipooana. Jembe lenyewe ninalo. Limelika hadi karibu na shingo, na herufi zake zinasomeka.