Muuza Maziwa Aliyedai Salamu Zake

Mwanamume mzima aliingia kwenye karakana ya mjomba wangu bila baiskeli, akasimama mbele yangu, akaniambia nimrudishie maneno yake.

Si pesa. Si spana. Maneno.

Nilidhani amekunywa.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza.

Nilimaliza chuo, mawasiliano ya umma, na kazi hakuna. Nikawa nashinda kwa mjomba, fundi baiskeli. Karakana yake ni chumba, stoo na kibaraza. Sakafu imekuwa nyeusi kwa mafuta, na minyororo inaning'inia ukutani.

Mtaa wa juu likafunguliwa duka kubwa la baiskeli lenye kuta za vioo, mafundi wamevaa sare. Wateja wa mjomba wakaanza kupungua mmoja mmoja. Akamwambia mama kwamba hali ikiendelea hivi atafunga, akatafute kibarua kwa watu. Mama alilia. Mimi nikasema hapana, elimu yangu itatuokoa.

Nikamwambia mjomba tuanzishe podikasti.

"Hiyo inatiwa mafuta?" akauliza.

Nikamweleza ni kama redio, ila mtu anaisikiliza kwenye simu wakati anaotaka. Wateja watasimulia maisha yao na baiskeli, watu watasikia, watakuja. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema sawa. Alikubali kwa sababu ananipenda, wala si kwamba alielewa.

Stoo ikawa studio. Matairi ya zamani yanazuia mwangwi vizuri ajabu. Nikaandaa maswali ya maana. Nilikuwa na moto, jamani.

Mgeni wa kwanza alikuwa seremala. Huyo akiwa kibarazani ana mdomo, anakuchekesha mpaka ushike ukuta. Nikamuuliza baiskeli imebadilishaje maisha yake.

Akakohoa. Akakaa wima. Sauti ikawa ya taarifa ya habari.

"Kwanza kabisa, napenda kuwasalimu wote wanaonifahamu. Mke wangu hapo nyumbani. Baba mkwe, mama mkwe, mashemeji wote. Na jirani yangu wa ukuta mmoja, yale ya jogoo asiyaweke moyoni..."

Nilimwacha amalize. Hakumaliza.

Wageni wote walikuwa hivyo. Nikaeleza kwa upole. Nikabembeleza. Nikabandika karatasi mlangoni: HAKUNA SALAMU. Wanaisoma, wanaitikia kwa kichwa, wanakaa, halafu: "Kabla sijajibu swali lako zuri..."

Muuza maziwa ndiye aliyevunja rekodi. Alisalimu hadi watu waliohama.

Basi nikakata. Nilipita na mkasi kwenye kila kipindi, nikaacha minyororo, breki na safari ya maisha. Vikatoka visafi kama vya redio kubwa. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo rekodi zenyewe, zile ambazo hazijakatwa, nikazifuta.

Nikaviweka mtandaoni, nikangoja wateja.

Hawakuja. Tena hata wale wachache waliobaki wakaanza kupotea. Siku moja seremala alipita akisukuma baiskeli yenye pancha. Akatupita hivihivi, macho mbele, kuelekea duka la vioo. Mjomba aliinuka na pampu mkononi, kisha akakaa. Bora angenitukana.

Nikawa nawaka kwa hasira. Kila niliyekutana naye nilimwambia watu wetu hawathamini kitu kizuri.

Ndipo muuza maziwa alipoingia.

"Binti," akasema, "yale maneno yangu uliyapeleka wapi?"

Nikamweleza habari za uhariri, muda, na msikilizaji anayechoka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu iliyoniumiza.

Akaniambia yeye na mdogo wake hawajasemezana tangu msiba wa baba yao, walipotupiana maneno mbele ya waombolezaji. Kumpigia, anaogopa kukatiwa simu. Kwenda, anaogopa kufungiwa mlango. Lakini salamu za hewani nani atazifungia mlango? Kwa hiyo alimtuma shemeji yake amwambie mdogo mtu asikilize.

"Alikaa na wanawe wakasikiliza mpaka mwisho," akasema. "Nimetaja breki. Nimetaja matairi. Yeye sikumtaja. Sasa si ataona nilimwita aje asikie nilivyomsahau?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini seremala alitupita. Wote walikuwa wamewaambia watu wao wasikilize.

Nikaishika simu yangu. Na rekodi nilishaifuta.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaniuliza taratibu kama maneno yenyewe nayakumbuka. Nilikuwa nayakumbuka yote. Niliyarudia mara nyingi nikitafuta pa kukata.

"Basi salamu hupelekwa," akasema, akafunga karakana mchana kweupe.

Mdogo mtu ni fundi wa kuchomelea. Tulimkuta kwenye geti la watu, cheche zinaruka. Mjomba akanisukuma mbele, nikasimama kama mtoto anayekariri shairi.

"Kaka yako alisema: namsalimu mdogo wangu wa tumbo moja. Mwambieni yale ya msibani yameisha. Nimesikia amepata mtoto mwingine, na mimi sijambeba."

Akavua miwani ya kazi. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Nikaanza kuomba radhi, kwamba kaka yake hakumsahau, ni mimi niliyekata.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Kaka yangu mimi aongee muda wote ule bila kumsalimu hata mbuzi wa jirani? Nilimwambia mke wangu, huyu kuna mtu kamkata. Nikawa namngoja huyo mtu aje."

Akauliza kidude changu cha kurekodia kiko wapi, maana na yeye anataka kujibu.

Kesho yake alikuja stoo na mkewe na kichanga. Akakohoa, akakaa wima, akasalimu wakwe, mafundi wenzake, mpaka mwenye nyumba wake. Nikauma midomo. Kabla hajafika kwa kaka yake, kaka mwenyewe akaingia, madumu ya maziwa mkononi. Mama mtoto akamkabidhi mtoto.

Ukisikiliza kipindi kile, hapo pana kimya kirefu. Nacho sikukikata.

Kila aliyetajwa alikisikiliza, akamwita mwenzake. Seremala karudi kusalimu upya. Kibarazani watu wanasubiri zamu, na mjomba hazungumzii tena kufunga.

Mimi bado nakereka, nisiwadanganye. Maswali yangu mazuri hadi leo hakuna anayeyajibu.

Lakini chuoni nilifundishwa kukata kisicho na maana. Ndugu zangu, kabla hujakata, uliza kwanza kina maana kwa nani.